Karatasi Mbili za Funjo

Funjo ni refu kuliko karatasi. Hilo ndilo la kwanza kulijua, nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii ya mimea mikavu, na sidhani kama mtaambiwa darasani. Karatasi ya kubandikia mmea haifiki hata urefu wa mkono wako, na funjo la bwawani likisimama hukufika kifuani. Mgeni hulikata. Wewe usilikate. Likunje likiwa bado bichi, mara moja, mara mbili, kama futi ya seremala inavyokunjwa, na pale penye kona ulibonyeze kwa ukucha lilale. Mizizi iwe chini, kishada cha maua kiwe juu, na matope uyaoshe bila kuusugua mzizi mpaka ukachubuka.

Mimi nilikata. Matatu ya kwanza niliyopewa niliyakata yakaenea sawasawa kwenye karatasi, nikajiona fundi. Mzee Athmani, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa hebaria na ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua, akaja akatazama, akavua miwani.

"Mama Kadzo," akanambia, "hivi mgonjwa akiwa mrefu kuliko kitanda, humkata miguu?"

Ninaposema funjo, sisemi lile nene lenye kichwa kama ufagio. Letu ni jembamba, la mviringo kama sindano ya kushonea magunia, halina jani la maana, na ndani lina kiini cheupe kama sponji. Halikai pakavu. Hilo mlishike, maana habari yote ninayotaka kuwaambia imesimama hapo. Ukiliona limekomaa mahali, jua mahali pale pana maji, na maji yenyewe si ya jana.

Nimeifanya kazi hii tangu binti yangu Kadzo yuko mgongoni, na sasa Kadzo naye ana wake mgongoni. Sijafika hamsini. Nimetoka mapema kwa sababu ya kifua. Ile dawa tuliyokuwa tukiitia makabatini kufukuza wadudu, tuliitia kwa mikono mitupu na pua wazi miaka na miaka, mpaka daktari wa hospitali akanambia nichague, makabati au mapafu. Basi nimechagua. Siku hizi nikipanda ngazi za kanisa napumzika katikati, nikijifanya nasalimia watu. Nawaandikia nikiwa nimechoka, kwa hivyo msingoje maneno matamu.

Nyinyi hamtaivuta dawa ile. Siku hizi mimea inafungwa kwenye mifuko inatiwa kwenye friza, baridi inaua mdudu, kwisha. Tulipoletewa friza kwanza, Mzee Athmani hakuiamini. Alikuwa akiifungua kila baada ya saa kuhakikisha mimea haijapata mafua. Siku moja alifungua akakuta changu wanne wamelala juu ya mafunjo. Mlinzi akaja kuomba radhi, akasema Ramadhani imekaribia na friji la kwao limekufa. Mzee akamwambia samaki wake atawabandika karatasini na kuwaandikia lebo.

Kwa asiyejua, hebaria ni nyumba ya kuweka mimea iliyokaushwa. Kila mmea una karatasi yake, na kila karatasi ina lebo: jina, mahali ulipochumwa, siku, na aliyeuchuma. Mmea usio na lebo ni nyasi kavu, wala mbuzi haitaki. Hebaria yetu ilikuwa ndogo, vyumba vitatu vya mawe upande wa Kisauni, na mtaani ninakokaa ikajulikana kwamba Mama Kadzo anafanya kazi kwenye nyumba iliyojaa mizizi, inanuka dawa, na mkubwa wake anaitwa Dokta. Mwajua wenyewe watu walisema nini. Jirani mmoja aliniletea kuku mweupe, akitaka nimtafutie cha kumtuliza mumewe. Kanisani ikafika, Mchungaji akaniita. Sikubishana naye, nilimchukua mpaka hebaria ajionee. Akazunguka makabati, akasoma lebo tatu nne, akauliza mbona shughuli yote hii kama mimea yenyewe haimtibu mtu. Nikamwambia, "Baba Mchungaji, hata kitabu cha ubatizo hakimtibu mtu." Akacheka, yakaisha. Kuku nilimrudisha.

Nilianza pale kama mfagiaji. Jioni, nikishapika, nilikuwa naenda ngumbaru, ile shule ya watu wazima, kwenye ukumbi wa kanisa. Tulikuwa akina mama kumi na kitu, wengine tunanyonyesha huku tunapiga hesabu. Huko nikamaliza masomo ya msingi, nikasonga mbele kidogo kidogo, na mwalimu akawa anaisifu hati yangu mbele ya wenzangu. Ile sifa ilinipanda kichwani, na hati hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuruhusiwa kugusa makabati, Mzee Athmani alikwenda Hija. Aliniachia kazi ya kupangusa vumbi tu. Nikafika kabati la mafunjo. Lebo zake zilikuwa za zama za ukoloni, pembe zimeliwa na wadudu, wino umegeuka rangi ya chai, madoa kila mahali. Nikaziona kama vyombo vichafu na wageni wako mlangoni. Hakuna aliyeniagiza. Nilichukua karatasi safi, nikakaa siku tatu nikiziandika upya kwa hati yangu nzuri. Nilizibandua zile za kale, nikabandika zangu, na za kale nikazichoma nyuma ya jengo pamoja na majani makavu.

Siku ya tatu zilibaki karatasi mbili. Nilikuwa nimeshazibandua lebo zake, nimeziweka juu ya meza kila moja karibu na mmea wake, nikaitwa kwamba Kadzo ana homa. Nikatoka mbio. Kesho yake narudi, feni ilikuwa imelala ikizunguka, na lebo zote mbili ziko sakafuni.

Lebo moja ilisema Ziyani, Likoni. Ya pili ilisema shamba moja la huko Kwale. Aliyechuma ni mmoja, mwezi ni mmoja, na jina la mmea ni moja, kwa sababu siku zile mabingwa wenyewe walikuwa hawajaitenganisha mimea ile. Hakuna lebo iliyosema kama pale palikuwa na maji au pakavu. Na mimea miwili mikavu, imekunjwa sawa, mizizi imeoshwa sawa, kwa macho yangu ya wakati ule ilikuwa kama pacha. Nikaweka lebo hii hapa na hii hapa. Moyo ukanambia ni kinyume, nikazibadilisha. Halafu nikazirudisha. Halafu nikaandika mpya, nikabandika, na hizo mbili nazo nikazitia motoni.

Mzee Athmani aliporudi alituletea tende na maji ya zamzam. Mimi ni Mkristo na alijua, lakini kikombe changu alinipimia sawa na wenzangu. Kisha akafungua kabati la mafunjo. Nilisimama nyuma yake nikingoja kusifiwa. Akatoa karatasi moja, akatoa ya pili, ya tatu.

"Zile za mwanzo zi wapi?"

Nikamwambia nimezichoma. Hakupiga kelele. Alivuta kreti la karatasi kuukuu akalikalia, akashika kofia yake mkononi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto habari ya msiba, kwamba katika kazi yetu lebo haitolewi. Iwe chafu, iwe na makosa, iwe imeandikwa na mlevi, inakaa pale pale. Ukijua kwamba ina kosa, unaandika kijikaratasi chako kidogo, unakibandika kando: mimi fulani, tarehe fulani, naona hivi na hivi. Anayekuja baadaye ataviona vyote viwili na kuamua mwenyewe. Mzee alikuwa akikiita kijikaratasi cha toba. Alinionyesha karatasi moja ya mkoko yenye vijikaratasi vitano, kila bingwa akimkosoa mwenzake, na lebo ya kwanza iko chini yao, imenyamaza.

Akaniuliza, "Sitakugombeza. Nataka uniambie jambo moja tu, na uniambie kweli. Kila lebo iko kwenye mmea wake?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Nilikuwa na mtoto mdogo, kazi ndiyo kwanza naipata, na nilimwogopa kuliko alivyostahili kuogopwa. Lakini hizo si sababu. Nilisema ndiyo. Naye alikaa siku nzima akiandika vijikaratasi kwa kila funjo: lebo imenakiliwa upya, ya asili imepotea, zimelinganishwa, akatia sahihi. Alitia jina lake juu ya neno langu.

Miaka ikapita. Nikawa ndiye mtunza kumbukumbu, funguo zote kiunoni. Mgeni mmoja bingwa wa nyasi akaja na lenzi yake, akalipitia kabati la mafunjo lote, akagundua kwamba ile mimea pacha si pacha. Mmoja ni funjo lenyewe, la majini. Wa pili ni nduguye, anayeota hata shambani kwenye mchanga. Akabandika vijikaratasi vyake. Karatasi yenye lebo ya Ziyani ikawa ndiyo funjo la maji. Nilipoona hivyo nikamshukuru Mungu, nikajiambia basi bila shaka nilipatia. Nikajiambia hivyo mara nyingi. Mzee Athmani alikuwa ameshafariki. Kisha tukaletewa mashine za kupiga picha, kila karatasi ikapigwa, na uongo wangu ukapigwa picha pamoja na sahihi yake.

Sasa nifike kwa Bi Mwanasha.

Huyu ni mama wa Kidigo wa Likoni, mtu mzima kwangu, mrefu, anayesema polepole. Yeye na wenzake wanasuka majamvi, yale magumu ya kukalia matangani na kwenye vyuo vya Kurani, na wanayasuka kwa funjo la Ziyani. Ziyani ni bwawa lililo nyuma ya nyumba zao. Mama zao walikata hapo, na mama za mama zao. Alikuja hebaria siku moja asubuhi na wenzake wawili, wamevuka feri, wamevaa leso mpya kama wanaokwenda kuposa. Nikawaamkia, wakaitika, nikawapa viti, wakanieleza.

Tajiri mmoja alikuwa amenunua kiwanja, na ramani yake ililimeza bwawa. Alitaka kulifukia kwa lori za kifusi ajenge nyumba za kupangisha. Kulikuwa na kikao cha maafisa kinakuja, na karatasi za tajiri zilisema pale ni shamba kavu tangu zamani, maji yale ni ya bomba lililopasuka, na nyasi zile zimekuja na bomba. Maafisa wakawaambia akina mama kwamba maneno ya mdomo hayatoshi, walete maandishi. Kijana mmoja wa mtaani kwao akawaambia kuna nyumba huko Kisauni wanaandika nyasi.

Bi Mwanasha akasema, "Tumeambiwa nyinyi mnaandika nyasi. Yetu mmeiandika?"

Dokta alisikia, akatoka ofisini kwake. Dokta wetu ni mwanamke wa kutoka bara, kichwa kikali, subira kidogo, moyo mzuri. Akaenda kabatini mwenyewe. Akarudi na ile karatasi ameishika kwa mikono miwili, akaiweka mezani mbele ya akina mama. Ziyani, Likoni. Funjo la maji. Limechumwa kabla bomba lolote halijafika upande ule. Akawasomea. Mmoja wa wale wawili akaanza kulia. Bi Mwanasha hakulia, aliinama akalitazama funjo kwa karibu sana, kama mtu anayetazama picha ya babu yake ambaye hakuwahi kumwona.

Dokta akasema ataandika barua ya kwenda kikaoni, na mimi kama mtunza kumbukumbu nitie sahihi kwamba karatasi hii ni ya pale inaposema. Siku ya barua ilikuwa Jumatatu.

Jumapili nilikwenda kanisani kama kawaida. Watu wakasimama kwenda kwenye Meza ya Bwana, mimi nikabaki kitini. Kadzo akaniuliza kwa macho, mama vipi, nikamwashiria mgongo unauma. Uongo mwingine huo. Nilikaa pale nikiwaza kwamba jambo lenyewe ni jepesi mno. Ni sahihi moja. Na itawasaidia watu wa haki. Huenda hata ni kweli. Kama ingekuwa ni kuwadhulumu akina mama wale, ningekataa mara moja bila kuwaza. Kilichonichosha ni kwamba safari hii uongo ulikuwa upande wa wanyonge, na kweli ilikuwa upande wa lori.

Jumatatu nikaingia kwa Dokta nikafunga mlango, nikamwambia yote, feni na homa na moto. Akaleta karatasi zote mbili, akawasha taa ya lenzi, akakaa nazo mpaka saa saba akitafuta chochote kwenye mizizi kitakachosema huu ulitoka wapi. Aliyezichuma alikuwa mtu msafi, hakuacha hata punje ya udongo. Daftari lake alikwenda nalo kwao, na halikuonekana tena.

Dokta akasema, "Lakini funjo liko Ziyani leo, Mama Kadzo. Wanalikata kila siku. Hiyo lebo ni ya ukweli, mimi nakwambia."

"Huenda."

"Si huenda. Karibu hakika."

"Dokta, mimi nilimwambia mzee nina hakika. Sikuwa nayo, na leo pia sina."

Akavua miwani akajisugua macho. Akasema unajua hao akina mama watapoteza. Nikasema najua. Akasema, na si wewe utakayekosa funjo. Nikasema hilo pia najua. Mwishowe akasogeza mbele yangu kibunda cha vijikaratasi.

"Ukikibandika, mimi sitakibandua. Lakini kwenda kumwambia Bi Mwanasha ni kazi yako. Mimi siendi."

Niliandika kwa penseli kwanza, kisha kwa wino. Kwamba mimi, Sidi, niliyenakili lebo hizi mbili, niliziokota sakafuni zikiwa zimetoka mahali pake, na sijui ipi ni ya mmea upi. Kwamba marehemu aliyetia sahihi ya kulinganisha alifanya hivyo kwa neno langu, na neno langu halikuwa la kweli, yeye hana kosa. Tarehe. Jina. Nikabandika kimoja hapa, kimoja hapa. Nilidhani ningesikia mzigo umetoka, kama wanavyoshuhudia watu kanisani. Nilisikia njaa tu.

Likoni nikaenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta Bi Mwanasha barazani kwake anasuka, jamvi limefika katikati, mafunjo yamelowekwa kwenye karai kando yake. Nikamwamkia, akanisogezea kigoda. Alidhani nimeleta barua, akamwita mkaza mwanawe alete chai. Nikamwambia kabla chai haijaja, kwa sababu niliona vibaya kuinywa.

Alisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza alivuta funjo jipya kutoka karaini, akalikaza kwa jino, akaliunga.

"Kwa hivyo uongo uliusema ulipokuwa na shida yako," akasema, "na kweli umengoja kuisema siku ya shida yetu."

Nikasema nisamehe. Akasema chai imekuja, kunywa. Nikainywa, ilikuwa na tangawizi nyingi, ikanipalia kifuani nikakohoa mpaka machozi. Yeye akaendelea kusuka.

Kikao kikawa. Dokta aliandika barua akaeleza kweli yote ilivyo, kwamba moja kati ya karatasi hizi mbili ilitoka Ziyani na hatuwezi kusema ipi. Mwanasheria wa tajiri, naambiwa, aliisoma kwa sauti kwa furaha. Wazee watatu walisimama wakatoa ushahidi wa kuvua kambare pale utotoni mwao. Afisa akawasikiliza kwa heshima zote, kisha akaandika kwamba hakuna kumbukumbu ya maandishi ya kutegemewa. Ruhusa ikatoka. Akina mama wakaachiwa ukanda mwembamba kando ya mtaro, usiotosha jamvi moja kwa mwezi.

Nyinyi vijana mtaniuliza kama ningefanya vingine. Wengi wameniuliza, hata Kadzo, na hakuniuliza kwa upole. Sijui niwaambie nini. Najua ningeweza kulizuia lori, si kwa kusema uongo siku ile ya barua, bali kwa kumwambia mzee "sina hakika" miaka ile, wakati majivu bado yana moto na yeye bado ana kumbukumbu yake na anawajua watu wa Likoni wa kuwauliza. Neno lenyewe lilikuwa bure wakati ule. Nilipokuja kulisema, walililipia wengine.

Kama wiki moja baada ya ruhusa, nilikuwa kazini napanga bahasha za mbegu, mlinzi akaja kunambia kuna mama mlangoni analowesha sakafu. Nikatoka. Bi Mwanasha alikuwa peke yake. Leso aliyovaa ilikuwa ya kazi, imelowa mpaka juu ya magoti, na kichwani amejitwika gunia linalochuruzika. Amevuka feri vile vile. Alilitua chini, akalifungua. Mafunjo, mabichi, na mizizi yake, na matope meusi yananuka bwawa.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba. Andika."

Nikamwambia Dokta yuko, nimwite, ni afadhali mwenye cheo ndiye aandike. Akasema hakuja kwa Dokta.

"Mimi ndiye niliyekuharibia," nikamwambia. "Mbona uniletee mimi?"

"Aliyeumwa na nyoka," akasema, akaniachia nimalizie mwenyewe: akiona unyasi hushtuka, na aliyeumwa ni mimi. Kisha akavuta kiti. "Kukusamehe sijakusamehe, nisikudanganye. Haya, andika, mimi niko hapa hapa natazama."

Basi nikafanya kazi, na yeye amenisimamia. Nilichagua matano yaliyokomaa. Nikayaosha, akanikataza nisiyaoshe sana, nikauacha mzizi mmoja na matope yake. Nikayakunja, moja, mbili, nikayalaza kwenye gazeti, nikaandika nambari kwa penseli. Ndipo nikachukua daftari. Siku gani? Leo. Mahali? Akanambia, nami nikaandika kama alivyosema: Ziyani, nyuma ya msikiti mdogo wa mabati, hatua mia mbili kutoka kisima cha wanawake, upande wa minazi miwili iliyoinama. Palikuwaje?

"Maji magotini," akasema. "Magotini mwangu mimi, si mwako. Wewe yangekufika mapajani."

Nikaandika: maji magotini kwa mtu mrefu. Akaniambia niandike pia kwamba upande wa pili lori zimeanza kumwaga kifusi. Nikaandika. Dokta alikuwa ametoka, amesimama mlangoni.

Aliyechuma? Kwenye lebo zile za kale, wenyeji waliowaonyesha wageni njia na kuingia majini kwa niaba yao hawana majina. Imeandikwa "mwenyeji" tu, mara nyingine hata hiyo haimo. Nikaandika Mwanasha binti Bakari, Likoni, msusi wa majamvi, na chini, upande wa kushoto, jina langu mimi mwandishi.

"Soma," akasema. Nikasoma. "Soma tena, polepole." Nikasoma tena yote, tangu Ziyani mpaka kifusi. Akanyoosha mkono akaomba kalamu. Nikadhani anataka kuitazama. Akavuta daftari, akainama, na chini ya hati yangu akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, kutoka kulia kuja kushoto, taratibu, mpaka likagusana na jina langu pale katikati. Dokta akauliza mlangoni kama hiyo inaruhusiwa kwenye kumbukumbu zetu. Nikamwambia imeshaandikwa, na hapa hatufuti.

Hiyo ndiyo karatasi ya mwisho niliyoibandika kabla kifua hakijanitoa kazini. Ziyani sasa ni nyumba, za ghorofa nne, na nasikia vyumba vya chini vinatoa maji ukutani. Bi Mwanasha tukikutana ananiitikia. Karatasi iko kabati la mafunjo, rafu ya tatu, na lile daftari liko chini yake. Mtakapoitoa, itoeni kwa mikono miwili, na msome lebo yote kabla ya kutazama mmea.